Acheni kumwita Steere baba wa Kiswahili

Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ikikaribia tu, lazima mtu achokoze nyuki. Safari hii alikuwa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, mtu ninayemheshimu. Alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya kanisa la Mkunazini, Unguja, na chini yake akaandika tusimsahau Askofu Edward Steere, "baba wa Kiswahili". Hazikupita dakika kumi akajibiwa. Mwenzetu mwingine, naye msomi, akasema huyo hakuwa baba wa chochote, alikuwa wakala wa ukoloni aliyevaa joho. Wakarushiana maneno mpaka saa sita usiku.

Mimi nilikaa kimya. Si kwamba sikuwa na la kusema. Niliona wote wawili wanaikosea historia kwa namna ileile, na hilo siwezi kulieleza kwa kidole gumba. Ndiyo maana naandika hapa.

Niseme hoja yangu mapema ili mwenye haraka asipate tabu. Steere alikuwa mtu wa vipaji vingi kupita kiasi na anastahili kusomwa. Lakini Kiswahili hakutupa yeye, alipewa. Na hao waliompa wametupwa. Mkosaji mkubwa wa kuwatupa si yeye. Ni sisi.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Steere hakuwa mnyonge, lakini tuanze na haki yake.

Alizaliwa London mwaka 1828. Akasomea sheria Chuo Kikuu cha London hadi kupata udaktari, akaidhinishwa kuwa wakili. Mtu mwingine angeishia hapo, avae suti nzuri, ahesabu fedha. Yeye akajifundisha kazi ya uchapaji, ile ya kupanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Akazama pia katika falsafa ya dini, akahariri maandishi ya Askofu Joseph Butler. Mwaka 1856 akaingia kwenye uchungaji, na baadaye akahudumia Skegness, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, halafu parokia ndogo ya Little Steeping. Wavuvi wa Skegness walimpenda kwa kuwa alikuwa padri wa kukunja mikono ya shati.

Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer akafanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu, ile iliyoanzishwa baada ya David Livingstone kuwahutubia watu wa Cambridge mwaka 1857. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikuwa ameshafia bonde la mto Shire. Steere akajitolea kumsindikiza rafiki yake. Alikusudia kukaa kwa muda mfupi tu. Kazi ikamshika maisha yake yote yaliyobaki.

Mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja. Hapo ndipo mwanasheria huyu alipokaa chini kama mtoto wa chuoni, akaanza kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Akafunga mashine ya kuchapa, akawafundisha vijana waliokombolewa kutoka utumwani kupanga herufi. Mwaka 1870 vikatoka London vitabu viwili: mwongozo wa lugha ya Kiswahili jinsi isemwavyo Unguja, na mkusanyo wa hadithi. Hakuishia kwenye Kiswahili. Alikusanya pia maneno na kanuni za Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Agosti 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka uliofuata akatembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1876 akaongoza kundi la watu waliokombolewa mpaka Masasi, wakaanzisha makazi yao. Katikati ya hayo yote akawa anatafsiri Agano Jipya na Kitabu cha Sala.

Na kanisa je? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale Mkunazini. Steere aliusimamia ujenzi mwenyewe. Paa lake ni tao refu lililomiminwa kwa saruji na matumbawe, halina boriti. Waliosema litaanguka walizikwa zamani, paa bado lipo. Steere mwenyewe alifariki Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Mwanasheria, mchapaji, mwanafalsafa, mhubiri, mwanaisimu, mjenzi, msafiri. Ukimkuta mtu wa namna hii leo utasema anatudanganya kwenye wasifu wake. Kwa hiyo yeyote anayetaka nimdharau Steere, aniwie radhi, siwezi.

Sasa tumrudie yule mwenzetu wa pili, anayesema alikuwa wakala wa ukoloni. Ndugu yangu, historia ina tarehe. Steere alikufa mwaka 1882. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884. Unguja ya Steere ilikuwa ya Masultani. Majid alipofariki alifuata Barghash, na kina Steere waliishi pale kwa ruhusa yao. Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kuliamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Miaka 46 baada ya mazishi yake! Unaweza kusema vitabu vyake viliurahisisha uamuzi ule, na ni kweli. Lakini kumshtaki maiti kwa kikao ambacho hakuhudhuria si ukombozi wa fikra. Ni uvivu wa kufungua kitabu.

Haimaanishi alikuwa malaika. Hakuja kujifunza Kiswahili kwa ajili ya Kiswahili. Alikuja kubadili dini za watu, na lugha ilikuwa chombo cha kazi. Nyuma yake kulikuwa na balozi wa Uingereza na manowari baharini, atake asitake. Msomaji Mwislamu wa Unguja ana haki ya kumtazama kwa jicho la pembeni. Hayo nakubali yote. Ninachokataa ni hukumu inayotufunga macho tusione kosa lenyewe liko wapi.

Turudi kwa mwalimu wangu, huyu wa "baba wa Kiswahili". Mwalimu, baba ni mtu ambaye bila yeye mtoto asingekuwapo. Steere alipotia mguu Unguja, Utendi wa Tambuka ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka ishirini, akiacha mashairi ambayo watu waliyajua kwa moyo. Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Walikuwapo makadhi, washairi, wafanyabiashara wanaoandikiana barua, mabibi wanaobishana kwa nyimbo. Lugha ilikuwa na watu wazima wake.

Hata katika foleni ya Wazungu, Steere hakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kitabu chake cha sarufi kilichapwa mwaka 1850, kabla Steere hajawa hata padri. Kama ubaba unapatikana kwa kuandika sarufi, basi mtoto huyu ana baba wawili Wazungu na hana mama. Hebu fikiri.

Na hapo ndipo penye kidonda. Wanaomsifu Steere wanataka baba. Wanaomlaani wanataka adui. Pande zote mbili zinamtazama Steere. Hakuna anayetazama aliyekaa mbele yake.

Kwa sababu alikuwapo mtu mbele yake. Hebu piga picha. Mwingereza amekaa na kalamu, jasho linamtoka, joto la Kaskazi. Mbele yake yuko mtu wa Unguja anayesimulia. Anasimulia taratibu, mara mbili mbili, kwa kuwa huyu mgeni anataka kila neno. Anasimamishwa katikati ya utamu aulizwe maana ya neno moja. Anaeleza. Anaendelea. Nani kati yao anafundisha, na nani ni mwanafunzi?

Kitabu cha hadithi cha mwaka 1870 kinaitwa Swahili Tales, as Told by Natives of Zanzibar. Yaani hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Jalada lina jina moja tu la mtu, Edward Steere. Wenyeji ni wenyeji tu, kama kusema "mvua ilinyesha". Lakini tumtendee haki tena: ameandika kwamba zilisimuliwa. Kwenye dibaji zake aliwashukuru watu waliomsaidia. Hakusema kazi ni yake peke yake. Mtu wa zama zake, mwenye kiburi cha zama zake, bado alikiri kwenye jalada lenyewe kwamba ndani mna sauti za wengine.

Sisi je? Sisi hata hicho kipande cha jalada tumekikata. Tunasema "hadithi za Steere". Nimekaa kwenye makongamano nikasikia wasomi wetu, watu wenye digrii tatu, wakisema "mkusanyo wa Steere" na "Kiswahili cha Steere", na ukumbini hakuna aliyekohoa. Steere alisema zimesimuliwa na wenyeji. Wenyeji tunasema ni za Steere. Kati yetu na yeye, nani mkoloni hapo?

Ndani ya kitabu hicho mna hadithi ya Sultan Darai. Nitaisimulia kwa maneno yangu, kwa kuwa vijana wengi siku hizi hawaijui.

Palikuwa na maskini aliyekuwa akichakura jaani, akiokota punje za mtama apate kula. Siku moja akaokota thumuni. Akainunua paa. Majirani wakamcheka, wewe mwenyewe huna chakula, unamlisha nini paa? Kumbe paa yule anasema. Akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani, akamwambia imetoka kwa bwana wake, Sultan Darai, anayetaka kumposa binti yake. Sultan Darai hakuwako, alikuwa ni yule maskini wa jaani. Paa akamvisha, akampatia mke, akaenda akaua joka lenye vichwa vingi, akamchukulia nyumba ya kifalme. Yote kwa ulimi wa paa na akili ya paa.

Kisha paa akaugua. Akaomba uji. Yule bwana, sasa ana mchele, ana samli, ana asali, akasema apewe uji wa mtama mbovu. Mkewe akamsihi, watumishi wakalia, yeye akasema kwani paa huyu ni nini, si nilimnunua kwa thumuni? Paa akafa. Wakamtupa kisimani. Na yule bwana akaamka siku moja akajikuta yuko jaani, anachakura mtama kama zamani.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na kila nikiimaliza najiuliza kama msimulizi wake alijua anamsimulia nani. Sidai kwamba alimpiga kijembe yule Mzungu. Hadithi ya paa ni ya zamani na ilisimuliwa kwa watu wengi. Lakini sisi tulioirithi hatuna pa kujificha. Tumepata almasi, tumepata nyumba. Kiswahili kinazungumzwa Umoja wa Afrika, kimepewa siku yake na UNESCO, wanasiasa wanajipiga kifua. Paa wako wapi? Wamepewa uji gani?

Mtu ataniambia: "Ndivyo mambo yalivyokuwa zamani, hakuna aliyekuwa akiandika majina ya wasimulizi." Si kweli, na ushahidi uko hapohapo pwani. William Taylor, naye Mwanglikana, alifanya kazi Mombasa miaka michache tu baada ya Steere. Aliyemsaidia kukusanya mashairi ya Muyaka alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Jina hilo tunalijua. Kwa kuwa tunalijua, tunaweza kumtaja kama mwanazuoni, kusema huyu ndiye aliyeokoa Muyaka asipotee, kubishana naye, kumsoma. Sikujua hakuwa akili zaidi ya watu wa Unguja. Tofauti ni kwamba watu walishughulika na jina lake.

Mwingine ataniambia: "Hadithi ni mali ya wote, huwezi kumpa mtu mmoja." Hii ni hoja nzito kidogo, tuijibu vizuri. Ni kweli hadithi ya paa si ya mtu mmoja. Inapatikana mpaka kwenye nchi za mbali, kila mahali na mnyama wake. Lakini namna ya kuisimulia ni ya msimulizi. Pale anapoweka kituo, pale anaporudia, tusi analochagua, namna mke wa tajiri anavyobembeleza. Pilau ni ya wote, lakini mpishi wa harusi unamjua kwa jina na unamlipa. Usiponipa jina la mpishi, angalau usiniambie pilau limepikwa na aliyeandika mapishi.

Nilipokwenda Mkunazini mara ya mwisho, kiongozi wa wageni alitusimulia kichekesho kinachosimuliwa pale siku zote: kwamba nguzo fulani za kanisa ziliwekwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu mafundi hawakuelewa na askofu hakuwapo. Wageni wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika barazani nikasimama. Saa nzima nimesikia jina la Steere, jina la Livingstone, majina ya masultani. Mafundi walioubeba ule mzigo wa mawe, waliochoma chokaa, waliosimama chini ya paa linalosemwa litaanguka, wametajwa mara moja tu, na ni pale walipokosea.

Kuna mtu mmoja wa upande ule ambaye angalau jina lake limebaki. John Swedi alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza kabisa waliochukuliwa na misheni kutoka utumwani, na mwaka 1879 akawa shemasi. Kati ya Wakristo wa Afrika Mashariki, ni watangulizi wa namna hiyo walioibeba lugha ya kanisa kwenda kwa watu. Nenda kaulize shule ya sekondari yoyote John Swedi ni nani. Halafu uliza Livingstone ni nani. Njoo uniambie.

Sasa nikiri, maana sipendi mtu anayenyooshea wengine kidole huku kikono chake kina masizi.

Miaka minane iliyopita nilitumwa Pangani na chombo kimoja nilichokuwa nafanyia kazi, nitengeneze makala kuhusu utamaduni wa pwani. Nilikaa na bibi mmoja siku mbili. Alinilisha, akanisimulia hadithi saba, mojawapo ikiwa hii ya paa. Kwake mwisho ulikuwa tofauti kidogo. Paa alipokuwa anakufa hakulalamika uji. Aliuliza tu, "Bwana amelala wapi leo?" Bibi alipofika hapo alishusha sauti mpaka nikasogeza kinasa sauti. Akanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu, hapa mama yangu alikuwa analia, mimi huwa sifiki."

Makala ilitoka. Ilisifiwa. Nilipata hata zawadi ndogo ya mfanyakazi bora wa mwezi. Jina la bibi halikuwamo. Nilikuwa nimeliandika, mhariri akalifuta ili makala ifupike, ikabaki "wazee wa Pangani wanasimulia". Mimi nililiona lile badiliko kabla halijachapwa. Nilikuwa na simu mkononi. Sikupiga.

Wazee wa Pangani. Natives of Zanzibar. Miaka mia na arobaini na kitu imepita, na mimi, Mswahili wa Tanga, mwenye shahada ya chuo kikuu, nimeandika jalada lilelile. Steere alikuwa na udhuru wa kuwa mgeni. Mimi sikuwa na udhuru. Bibi amefariki mwaka juzi. Jina lake sitaliweka hapa mpaka wanawe waridhie. Nimeanza kuwatafuta, na safari hii nataka kuanza kwa kuomba.

Kwa hiyo sipigani na Steere. Steere ameshamaliza kazi yake. Napigana na tabia iliyo hai, tena inanenepa. Mtafiti anakwenda kijijini, anarekodi ngano na methali, anarudi mjini anapata cheo, na kwenye tasnifu wasimulizi wanakuwa "wahojiwa" wenye namba: Mhojiwa wa 4, Mwanamke, 70. Mchapishaji anachukua ngano za zamani, anazichorea sungura mzuri, anaweka jina lake, anauza shuleni. Siku hizi wamekuja na wanaokusanya sauti za wazee kwa simu ili mashine zijifunze kusema Kiswahili. Si vibaya mashine kusema Kiswahili. Steere naye alitumia mashine, ile ya kuchapa, na tukafaidika. Lakini muulize anayerekodi: mzee huyu umemwambia sauti yake inakwenda wapi? Umemwandika jina kama anataka liandikwe? Umempa nini zaidi ya soda?

Nasema tufanye nini? Machache, na hayahitaji bajeti ya wizara.

Kwanza, mwalimu wangu, na walimu wenzako wote, futeni hilo neno "baba". Semeni Steere alikuwa mwanafunzi hodari wa Kiswahili, pengine hodari kuliko Mwingereza yeyote wa zama zake. Hiyo ni sifa kubwa. Tena ni sifa ya kweli, na yeye mwenyewe kama mtu wa dini angeipenda zaidi kuliko ile ya uongo.

Pili, yeyote anayechapa upya hadithi zile aandike juu kabisa kwamba zilisimuliwa na watu wa Unguja na kuandikwa na Steere. Kwa mpangilio huo, msimulizi kwanza, mwandishi baadaye. Na vijana wa vyuo wanaotafuta mada ya tasnifu, acheni kuniandikia "dhima ya methali" mara ya mia mbili. Nendeni kwenye dibaji za vitabu vya wamisionari, kwenye barua zao na kumbukumbu zao, mkatoe kila jina la Mswahili aliyetajwa, hata kama ametajwa mara moja tu. Huyo ndiye mwanaisimu wenu.

Tatu, sisi wa habari. Mtu akitupa hadithi, jina lake liandikwe, au tuandike kwamba amekataa lisiandikwe. Mhariri akitaka kufupisha, akate sifa zangu mimi.

Mwenzangu wa upande wa pili naye nina neno kwake. Ukitaka kumshinda Steere, usimtukane. Jifunze alivyofanya. Alikaa chini. Alisikiliza. Alikubali kusahihishwa na watu ambao nchi yake iliwaona duni. Mtu mwenye udaktari wa sheria alikubali kuonekana mjinga mbele ya mtu wa Unguja, kila siku, kwa miaka. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii, wangapi tuna subira ya kumsikiliza bibi mmoja mpaka mwisho bila kuangalia simu?

Kuna bibi sasa hivi, Pangani, Lamu, Bagamoyo, Pemba, anayejua mwisho wa hadithi ambao haumo kwenye kitabu chochote. Nenda kamsikilize. Ukimaliza, kabla hujafunga daftari, muulize anaitwa nani, na yeye ndiye akutajie herufi zake.